Chumvi Itokayo katika Limau

Mtu akijikata kidole kwa kisu, damu hutiririka kwa dakika chache, kisha huganda na kufunga kidonda. Mungu Muumba ameiweka hivyo, tusije tukafa kwa jeraha dogo. Lakini hospitalini twaona jambo lililo kinyume: damu ambayo mtu mwema aliitoa juma lililopita imo ndani ya mfuko, nayo ingali maji maji kama siku ile ilipotoka mshipani. Kwa nini haigandi? Wako wasemao kwamba imepikwa, na wengine kwamba imetiwa sumu kidogo. Kwa ajili ya maneno ya namna hiyo, baba wa mtoto mwenye malaria kali hukawia kukubali mwanawe atiwe damu, na ndugu hukawia kutoa yao, hali mtoto amekuwa mweupe midomoni na kuhema kwa shida. Yafaa basi tujue ni kitu gani kilichomo katika mfuko ule. Ni chumvi, na asili yake ni limau.

Wasomaji wapenzi, tusidhani kwamba jina la chumvi ni la ile ya mboga peke yake. Wataalamu huita chumvi kitu kinachopatikana asidi inapokutana na kitu kiwezacho kuuvunja ukali wake. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila gharama. Na akamue malimau katika glasi, kisha atie soda ya kupikia kidogo kidogo. Povu litapanda, nalo ni hewa ile ile tunayoitoa kifuani tunapopumua. Akiendelea mpaka povu likome, ukali wa limau utakuwa umekwisha, na maji yaliyobaki yatakuwa na ladha hafifu ya chumvi. Humo mna chumvi iitwayo sitrati ya sodiamu.

Ukali wenyewe, yaani asidi sitriki, ulitengwa katika maji ya limau mwaka 1784 na Carl Wilhelm Scheele, mtu wa Uswidi aliyekuwa mtengeneza dawa. Leo viwanda vikubwa havikamui malimau tena. Tangu mwaka 1919, huko New York, ilianza kutengenezwa kwa wingi kwa kulisha sukari ukungu mweusi, ule ule uonekanao juu ya vitunguu vilivyokaa siku nyingi. Ukungu hula sukari na kutoa asidi. Mama anayekasirika kwa kuona vitunguu vyake vimeharibika hajui ni kibarua wa namna gani aliyemwingilia nyumbani!

Turudi katika damu. Ili damu igande, haina budi kuwa na kalsiamu, kile kitu kilichomo pia katika chokaa na katika mifupa yetu. Sitrati ikitiwa katika damu, huishika kalsiamu na kuifunga. Haiiondoi, bali kalsiamu iliyofungwa haipatikani tena kwa kazi ya kugandisha. Siri ndiyo hiyo; hakuna kupika wala sumu.

Zamani, kabla ya siri hii kujulikana, mtoaji na mgonjwa walilazimika kulala ubavu kwa ubavu, na mganga aliunga mshipa wa mmoja na mshipa wa mwingine kwa sindano na uzi. Ndivyo alivyofanya Daktari Alexis Carrel mwaka 1908 mjini New York, alipounga mshipa wa mkono wa baba na mshipa wa mguu wa binti yake mchanga. (Ni yule yule Carrel aliyeandika juu ya safari yake ya Lourdes.) Mtoto alipona, lakini ni waganga wangapi waliokuwa na mikono stadi kama yake? Tena hakuna aliyejua ni damu kiasi gani imekwisha kupita.

Aliyefungua njia mpya ni Mbelgiji, Albert Hustin. Tarehe 27 Machi 1914, katika hospitali ya Saint-Jean mjini Bruxelles, alimpa mgonjwa damu iliyochanganywa na sitrati ya sodiamu na sukari. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Luis Agote alifanya vivyo hivyo mjini Buenos Aires, na mwaka 1915 Richard Lewisohn wa New York alionyesha kipimo kifaacho: sehemu 2 za sitrati kwa sehemu 1,000 za damu. Kipimo kilikuwa jambo kubwa, maana sitrati ikizidi mno huifunga hata kalsiamu ya mgonjwa mwenyewe. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuanza Ulaya, na mwaka 1917 mganga wa jeshi la Marekani, Oswald Robertson, aliweka damu ya sitrati katika barafu huko Ufaransa, ikingojea majeruhi. Tangu hapo mtoaji na mgonjwa hawana haja ya kuonana.

Mfuko wa siku hizi huwa na mililitri 63 za maji ya sitrati kwa mililitri 450 za damu. Humo mna sukari pia na vitu vingine vya kuilisha damu, hata yaweza kukaa siku 35 katika baridi ifaayo. Damu ikiisha kuingia mwilini mwa mgonjwa, ini huivunja sitrati upesi, na kalsiamu hufunguliwa. Mtu akitiwa mifuko mingi kwa haraka, ini laweza kuchelewa. Ndipo midomo na vidole huwasha kama vimetiwa ganzi. Mgonjwa asinyamaze, na amwambie mwuguzi, naye mganga anajua la kufanya.

Lakini yatupasa kusema wazi: sitrati huzuia kuganda tu. Haiui virusi vya ukimwi, wala homa ya ini, wala kaswende. Kwa hiyo damu yote sharti ipimwe kwanza, hata kama mtoaji ni ndugu wa tumbo moja anayehudhuria misa kila siku. Tena asiwepo mtu wa kunywa maji ya limau akitumaini kuipunguza damu uzito. Sitrati inyweshwayo kwa chakula huvunjwa mwilini wala haifanyi kazi ile ya mfuko.

Jikoni nako chumvi hii hufunga kalsiamu. Jibini ya Masisi, ambayo wengi huiita fromaji, ikiwekwa juu ya moto mkali hutoa mafuta upande mmoja na kuacha bonge gumu upande mwingine. Mwaka 1911, mjini Thun katika Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler waliyeyusha jibini pamoja na sitrati ya sodiamu, nayo ikawa laini bila kuachana na mafuta yake. Jibini zile laini za kupaka, zifungwazo katika karatasi ya kung’aa, ni watoto wa kazi hiyo. Anayesoma maandiko madogo juu ya makopo na chupa za limonadi atakuta E331, E332 au E333: ni sitrati za sodiamu, za potasiamu na za kalsiamu. Ile ya potasiamu waganga huwapa baadhi ya wenye mawe katika mafigo.

Tumesema kwamba ini huivunja sitrati. Katika kuvunjwa hugeuka kuwa bikarbonati, nayo bikarbonati hupunguza ukali ndani ya damu. Hapo ndipo twafika penye hatari ya kila siku katika nchi yetu. Mtu anayeharisha sana, hasa mwenye kipindupindu, hupoteza maji, chumvi na bikarbonati pamoja. Wakaao kando ya maziwa yetu, huko Goma, Uvira na Kalemie, wanaujua ugonjwa huo. Na walioona kambi za wakimbizi za Goma mwezi wa Julai 1994 hawatasahau.

Pakiti za SRO za kwanza zilitiwa bikarbonati yenyewe, lakini katika joto na unyevu unga wake uligeuka rangi na kushikamana kuwa mabonge. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 bikarbonati iliachwa, na sitrati ikawekwa mahali pake: hiyo hukaa ghalani bila kuharibika upesi. Kipimo kilirekebishwa baadaye hata kikafika kile cha mwaka 2002: kwa litri moja, gramu 13.5 za sukari ya glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya mboga, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu.

Kwa hiyo mama asigawe pakiti ya litri moja kwa kukisia, wala asiitie katika kikombe kimoja ili “iwe na nguvu”. Maji yenye chumvi nyingi mno yaweza kumdhuru mtoto kuliko kuharisha kwenyewe. Asiongeze sukari, wala asitie limonadi badala ya maji safi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kwa kijiko, mililitri 50 hata 100 kila baada ya kuharisha, naye aendelee kunyonya. Akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aendelee polepole zaidi. Mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, au asiyeweza kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja, na njiani aendelee kupewa kijiko kwa kijiko kama aweza kumeza. Maji ya SRO yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe, yakorogwe mengine.