Jinsi ya kutambua umri wa baiskeli za kwanza za milimani za Uingereza

Katika kitivo chetu tunafundishwa kuusoma mswada usio na tarehe. Tunachunguza karatasi, wino, tahajia na msamiati, kisha tunasema: haukuandikwa kabla ya mwaka fulani, wala baada ya mwaka fulani. Nitaitumia njia hiyo hiyo kwa kitu cha chuma: baiskeli za kwanza za milimani zilizoundwa Uingereza. Baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyosema nyumbani, nayo ina tahajia yake. Ina pia wanakili wake, yaani mafundi na wenye mali wanaoibadilisha kila inapopita mikononi mwao.

Kwa nini umri uwe na maana? Kwa sababu historia ya baiskeli hizi husimuliwa kana kwamba ina chanzo kimoja tu, California. Kweli, Joe Breeze alijenga fremu zake huko kuanzia 1977. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Na mwaka 1981 Specialized ilitoa Stumpjumper. Lakini mwaka huo huo wa 1979 Mwingereza Geoff Apps alikuwa akibuni baiskeli ya njia za matope. Hakuwaiga Wamarekani. Mawazo yake yalitoka zaidi kwenye pikipiki za mashindano ya vikwazo. Kampuni yake ndogo, Cleland, iliuza Aventura katika miaka ya mwanzo ya 1980. Mwendeshaji alikaa wima, breki zilikuwa ndani ya habu, mbali na matope, na matairi yalikuwa ya theluji, kutoka Finlandi. Apps aliwapelekea Fisher na Kelly baadhi ya matairi hayo. Kwa hiyo athari haikwenda upande mmoja. Ukiikosea Cleland kwa miaka mitano tu, mbunifu anageuka mwigaji.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha jina na mahali. Jina la Kiingereza kwenye bomba la fremu halithibitishi kwamba fremu ilijengwa Uingereza. Muddy Fox ilikuwa kampuni ya London, lakini baiskeli zake nyingi za miaka ya 1980 zilijengwa Japani. Stika ya Reynolds nayo huwadanganya wengi. Reynolds ya Birmingham ilitoa bomba za 531 tangu 1935 na kuziuza nchi nyingi, kwa hiyo stika hiyo inataja asili ya bomba, si mahali zilipounganishwa. Isitoshe, stika mpya hununuliwa hata leo.

Hatua ya pili ni kusoma yale yaliyounganishwa na fremu kwa moto, maana hayo hayabadiliki kwa urahisi. Pima kwanza pembe ya bomba la mbele. Fremu za mwanzo zililala sana, karibu digrii 68, nazo zilikuwa ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyingi zilisimama na kufikia karibu digrii 71. Kisha tazama zilipo nguzo za breki ya nyuma. Kama ziko chini, kwenye bomba mbili zinazokwenda sambamba na cheni, hiyo ni mtindo wa kuanzia mwaka 1986 hivi, na haukudumu muongo mzima. Mwisho pima nafasi ya gurudumu la nyuma: milimita 130 ni dalili ya ukale, na 135 ilienea kuelekea 1990. Hapa uwe mwangalifu, kwa kuwa fundi anaweza kuipanua fremu ya chuma.

Hatua ya tatu ni namba. Raleigh ya Nottingham, kuanzia 1973, iligonga kwenye fremu herufi ya kiwanda, herufi ya kipindi cha mwaka, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Basi 4 yaweza kuwa 1974 au 1984. Namba peke yake haiamui. Umbo la baiskeli ndilo linaloamua, kwa sababu mwaka 1974 Raleigh haikuwa na baiskeli ya milimani.

Vifaa vya Shimano vina herufi mbili zilizogongwa: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, na ya pili ni mwezi. KC, kwa mfano, ni Machi 1986. Habu za Sturmey-Archer za wakati huo, zilizotengenezwa Nottingham pia, ziliandikwa mwezi na mwaka waziwazi.

Je, ushahidi ukipingana? Tuseme fremu ina dalili zote za 1984, lakini gia ni Deore XT ya aina iliyotoka 1987. Anayeanza atasema baiskeli ni ya 1987. Mimi nasema gia inatuambia tu kwamba mtu aliigusa baiskeli hiyo mwaka 1987 au baadaye. Kifaa kinachofungwa kwa boliti ni kama neno lililoandikwa pembeni mwa ukurasa. Lakini habu mbili, mnyororo wa pedali na breki vikikubaliana katika miezi michache, na fremu isiwapinge, tarehe imepatikana.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wanaozifufua baiskeli hizi. Kabla ya kung'oa habu iliyochakaa au kukwangua rangi, piga picha kila herufi na kila namba, na vifaa vilivyotolewa vitunzwe. Cleland zilikuwa chache. Moja ikivalishwa breki za rimu na usukani wa chini ili ipendeze, itang'aa, ila haitaweza tena kutoa ushahidi kwamba Uingereza ilikuwa na njia yake yenyewe.