Mpuliza dawa ‘anavuna’ Sh30,000 kabla ya saa tatu: Mkononi hubaki ngapi?

MSIMU wa kupulizia mikorosho unapofika, kuanzia Chiwata wilayani Masasi hadi vijiji vya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mashine za kupulizia dawa huanza kunguruma kabla jua halijachomoza. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, wakati umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Ikifika saa tatu asubuhi mpuliza dawa ameshamaliza, amepokea chake na anafunga mashine kwenye pikipiki.

Vibarua wanaofyeka na kusafisha chini ya mikorosho hiyo hiyo ndiyo kwanza jua linaanza kuwachoma. Hapo ndipo maneno yanapoanza: “Tajiri, tuachie ya chai,” au “Kaka, saa tatu tu umeshabeba mshahara wetu wa siku nne!”

Katika maeneo ambayo Wamakua, Wamakonde na Wayao huishi pamoja, utani ni sehemu ya maisha na si kila neno ni la kuchukia. Lakini maneno ya namna hii yasipopatiwa majibu hugeuka hasara. Mpuliza dawa mwenye haya hushusha bei hadi anafanya kazi bure. Mwenye hasira huacha shamba katikati. Kibarua aliyevunjika moyo hufyeka nusu nusu. Mwisho wa yote, mkulima hubaki na mikorosho inayochanua bila kinga.

Kukosa kinga si jambo dogo. Ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia machipukizi na maua ya mkorosho, na ua lililoshambuliwa halitoi korosho. Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 140,000 za korosho msimu wa 1973/74, lakini ilipofika 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwamo bei ndogo na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao wakati wa vijiji vya ujamaa, lakini ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa zile kubwa.

Ushauri uliozoeleka kwa salfa ya unga ni gramu 250 kwa mkorosho mmoja kila mzunguko, takriban kila baada ya siku 14, hadi mizunguko mitano kwa msimu. Kwa kipimo hicho, mfuko wa kilo 25 hutosha mikorosho 100. Ndiyo maana wakulima wengi wasio na mashine huona ni heri kumwita mwenye nayo na kumlipa kwa kazi.

Hesabu isiyoonekana

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kibarua huona noti zinazotolewa, lakini haoni zinakokwenda. Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, na kila mtu anaweza kuweka za kwake.

Tuseme mpuliza dawa amepatana Sh15,000 kwa kila mfuko, salfa ikiwa ya mkulima. Kwa asubuhi moja anamaliza mifuko miwili na kupokea Sh30,000. Kibarua wa kufyeka analipwa Sh7,000 kwa siku. Kwa macho, tofauti ni Sh23,000, na mtu yeyote angeguna.

Sasa tutoe gharama. Petroli na oili ya kuchanganya ni Sh7,000. Msaidizi wa kubeba mfuko na kujaza mashine ni Sh5,000. Plagi, kamba ya kuwashia na matengenezo madogo, kwa wastani wa kila siku ya kazi, ni Sh2,000. Barakoa, miwani na glavu ni Sh1,000, maana vumbi la salfa huwasha macho na kukereketa kifua.

Inabaki mashine yenyewe. Ikiwa ilinunuliwa kwa Sh600,000 na hudumu misimu mitatu, kila msimu unakula Sh200,000. Kwa mizunguko mitano yenye asubuhi nane kila mmoja, zinapatikana asubuhi 40 za kazi. Kwa hiyo kila asubuhi mashine inadai Sh5,000, hata kama hakuna mtu anayekuja kuidai.

Jumla ya gharama ni Sh20,000. Kinachobaki ni Sh10,000. Tofauti ya kweli kati yake na kibarua ni Sh3,000, na hapo bado hajaugua, upepo haujamzuia wala mashine haijamzimikia shambani.

Bei inaposhushwa kwa haya

Hatari kubwa ni pale maneno yanapomfanya mpuliza dawa apunguze bei ili aonekane mwema. Akishuka hadi Sh10,000 kwa mfuko, atapokea Sh20,000 kwa siku, sawasawa na gharama zake. Hatagundua mapema, kwa kuwa zile Sh5,000 za mashine atakuwa akizila nyumbani akidhani ni faida. Atagundua mashine itakapokufa, naye hana akiba ya kununua nyingine.

Hata hivyo, haifai naye kujifanya ndiye pekee mwenye shida. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa wa kudumu hupata likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na mwajiri humchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Anayelipwa kwa kazi hujitegemea kwa hayo yote. Lakini kibarua wa siku naye, mara nyingi, hana likizo wala mchango, na hana mashine ya kumwezesha kupandisha kipato. Majibu ya kumdharau huongeza uchungu.

Majibu yanayofaa

Kwanza ni kutofautisha utani na lalamiko. Utani hujibiwa kwa utani na kazi ikaendelea. Lalamiko hujulikana kwa kurudiwa siku hadi siku, hasa mbele ya mwenye shamba. Hilo linahitaji mazungumzo ya pembeni, kwa heshima, bila kupandisha sauti.

Pili, si lazima kutaja kila shilingi. Jibu fupi linatosha: “Ndugu yangu, hiyo uliyoiona ni ya mimi, mashine, mafuta na msaidizi. Ukitaka, jioni tukae tupige hesabu.” Anayetaka kuelewa atakuja. Huenda akaamua kujiunga na wenzake kununua mashine yao, jambo ambalo ni jema kwa kijiji.

Tatu, asijigambe. Anayeita “fedha za haraka” siku ya neema asishangae watu wakimkumbusha siku akiomba mkopo. Vilevile asilie umaskini huku akiwa amebadilisha pikipiki, maana hakuna atakayemwamini tena.

Nne, aweke daftari. Mapato, mafuta, vipuri na siku zisizo na kazi viandikwe. Daftari humsaidia kupanga bei ya msimu ujao bila kuyumbishwa na maneno ya watu, na kutenga fedha za mashine kila siku ya malipo. Sekta isiyo rasmi nayo inaweza kujiandikisha NSSF na kuchangia kwa hiari.

Mkulima naye ana sehemu yake

Wakati mwingine maneno humwangukia mpuliza dawa, lakini kisa ni mwenye shamba. Anamlipa mwenye mashine papo hapo, huku vibarua wakiambiwa wasubiri fedha za mnada. Mkulima anayeuza kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani anajua kuwa malipo huja baada ya mnada, na minada huanza Oktoba. Kwa hiyo, kabla hajaita watu mwezi Juni, anapaswa kujua fedha za kila mmoja zitatoka wapi, na kumweleza kila mmoja siku ya kulipwa.

Aidha, makubaliano ya kila kazi yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: mikorosho mingapi, mizunguko mingapi, bei, nani anatoa mafuta na malipo ni lini. Shahidi mmoja akiwapo, ni bora zaidi. Malipo yatolewe faragha, si kuhesabiwa noti mbele ya wanaofyeka.

Mkorosho hausubiri watu wapatane. Ukishachanua, siku 14 zikipita bila dawa hazirudi. Wanaofanya kazi katika shamba moja wangefanya vyema kumaliza maneno ya fedha mapema, mashine zikiwa bado hazijawashwa.