Kuomba na Kuombea: Watakatifu Wanaombwa Nini? (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliishia mlangoni mwa makaburi ya chini ya ardhi kule Roma. Leo tuingie ndani. Katika makaburi ya Mtakatifu Sebastiani, kando ya ile barabara ya kale ya Apia, upo ukuta uliokwaruzwa maandishi na mahujaji wa karne ya 3. Mmoja wao aliwataja Paulo na Petro, akawasihi wamwombee Viktor. Basi. Viktor ni nani na alikuwa na shida gani, ukuta hausemi. Lakini kitazame kitenzi. Mwandishi hakuwaomba mitume wamponye Viktor wala wamtajirishe. Aliwaomba wamwombee.

Hapo ndipo lilipo fundo la mjadala wa kuwaomba watakatifu, na sisi tunaosali kwa Kiswahili tumerahisishiwa kazi. Kati ya kuomba na kuombea ipo irabu moja tu. Mungu anaombwa, mtakatifu anaombwa aombee. Siku ya upadrisho, shemasi amelala kifudifudi sakafuni, paji la uso juu ya mikono, mwimbaji anaanzisha Litania ya Watakatifu. Kristo akitajwa, kanisa zima huitikia "utuhurumie". Wakifikiwa Maria, Petro, Stefano na Agustino, kiitikio hugeuka: "utuombee". Wengi wetu huimba bila kugundua kwamba tumevuka mpaka. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, uliokuwa ukiamua ugomvi wa picha takatifu, ulihitaji maneno ya Kigiriki kuuchora mpaka huohuo: ibada halisi, yaani latria, ni ya Mungu peke yake, vingine vyote hupewa heshima tu.

Msomaji wa Kilutheri atanifungulia 1 Timotheo 2:5, penye mpatanishi mmoja tu. Ni haki yake. Ila sura hiyohiyo inaanza na Paulo akiagiza watu waombeane. Kama shangazi yangu anaweza kuniombea kwenye jumuiya bila kumnyang'anya Kristo kiti, basi hoja ya mpatanishi haitoshi. Hoja nzito ni nyingine, na Wakatoliki wengi huiruka: shangazi akishazikwa, ananisikia?

Ungamo la Augsburg la Walutheri, la mwaka 1530, lilisema watakatifu wakumbukwe na imani yao iigwe, lakini Maandiko hayafundishi kuwaita watusaidie. Mwaka uliofuata Philipp Melanchthon, akiutetea waraka huo, alikubali kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea Kanisa. Kwa hiyo ugomvi si kama wanaomba. Ni kama sisi tunaruhusiwa kubisha hodi. Desemba 1563 Mtaguso wa Trento ulijibu kwamba kuwaita ni jambo jema na lenye manufaa. Haukusema ni lazima, na Mkatoliki anayewabeza wenzake kwa kutosali novena angekumbuka hilo. Ukitaka andiko, 2 Makabayo 15 inamwonyesha Yeremia, marehemu wa siku nyingi, akiliombea taifa lake. Kwa bahati mbaya kitabu hicho hakimo katika Biblia ya jirani yako, na mazungumzo huishia hapo.

Pa kuuona mgawanyiko huu kwa macho ni Namugongo, nchini Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana waliteketezwa hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mbaga Tuzinde alikuwa mwana wa kulea wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wenyewe. Mzee alimbembeleza akane imani. Aliposhindwa, akaagiza apigwe shingoni kwanza, asiuone moto akiwa hai. Leo zipo hija mbili katika Namugongo hiyohiyo. Kwa Wakatoliki, mashahidi hao, Karoli Lwanga na wenzake, wanaitwa kwa majina na kuombwa watuombee. Kwa Waanglikana, Mungu anashukuriwa kwa ajili yao, na inakomea hapo, kwani ibara ya 22 kati ya zile 39 za Kanisa la Uingereza ilikataa kuwaita watakatifu. Moto ulikuwa mmoja.

Nikiri pia aibu ya nyumbani. Katika parokia niliyowahi kusali, kila Jumatatu tuliokota kwenye mabenchi vikaratasi vya fotokopi: sali sala hii siku tisa, toa nakala tisa, ukikatiza mnyororo balaa litakupata. Juu kabisa, picha ya mtakatifu. Hiyo ni hirizi iliyovishwa kanzu, na anayeichukia hamchukii mtakatifu.

Tukae mwisho na Mwalimu Nyerere, maana kwake mambo yamekaa njia panda. Tangu 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu, ngazi ya kwanza ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Katika ngazi hii Mkatoliki anaweza kumtolea Misa kama marehemu yeyote, na usiku huohuo, faraghani, akamwomba amwombee. Kanisani, hadharani, la pili haliruhusiwi. Ili apande kuwa Mwenyeheri unatakiwa muujiza mmoja uliochunguzwa, yaani uthibitisho kwamba mtu alimwomba na Mungu akaitikia. Mashahidi wa Uganda, yaani Lwanga na wenzake, nao walipitia kipimo hicho: kabla ya Papa Paulo VI kuwatangaza watakatifu 22, Oktoba 18, 1964, ilichunguzwa habari ya masista wawili waliopona tauni huko Rubaga mwaka 1941 baada ya maombezi ya mashahidi hao kuombwa.

Agustino wa Hippo alifundisha kwamba kumwombea shahidi ni kumkosea heshima; yeye ndiye wa kutuombea. Kwa hiyo kila Juni mosi, basi la mahujaji kutoka Tanzania likishusha watu Namugongo, Lwanga anaombwa aombee, na Mwalimu bado anaombewa.

Juma lijalo: mifupa ya watakatifu chini ya altare.