Sala Iliyokuwa Wimbo wa Ukombozi

Watoto wa shule huko Kabungu, mkoani Katavi, waimbapo wimbo wa taifa, huimba lahani iliyozaliwa katika sala. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni ya Wamethodisti nchini Afrika Kusini, aliitunga mwaka 1897. Mwaka 1912 iliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1961 Tanganyika ikaipokea.

Sala yawezaje kuwa upinzani? Wimbo huu haumtukani mtawala. Humwomba Mungu heri ambayo watawala waliwanyima Waafrika. Ndiyo maana utawala wa ubaguzi ulipokoma mwaka 1994, wimbo haukukoma. Basi sisi tuongozao ibada na tuzipime nyimbo zetu: je, zamtetea aliyeonewa, au zamliwaza tu?