Maji ya Rejeta Yamekwenda Wapi?

Barabara ya kutoka njia panda ya KIA kwenda Arusha inapanda bila dereva kuhisi. Uwanja wa ndege uko mita 890 hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu mita 1,400, na Kikatiti iko katikati ya mpando huo. Gari kuukuu lililojaa abiria, lenye kasoro ya maji, mara nyingi huumbuka hapa: mshale wa joto unapanda, mvuke unafuka, dereva anasimama pembeni kuomba dumu la maji.

Nina ugomvi na dumu hilo. Maji ya rejeta hayaliwi na injini kama petroli. Ukijaza leo, na wiki ijayo ukajaza tena, kuna mahali yanatokea. Na kabla hayajaisha, kinachopotea kwanza ni presha. Katika mwinuko wa Arusha maji ya sufuriani huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 au 1.1 huyabana yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Tundu la ncha ya sindano, au mpira wa mfuniko uliokauka, huondoa kinga hiyo yote. Kwa hiyo mimi huanza na mfuniko, injini ikiwa imepoa kabisa. Ukiufungua wa moto utaungua uso na mikono.

Kagua asubuhi, gari halijawashwa. Baridi ya Juni huku Meru hulegeza mipira kwenye klipu, na mvujo mwingine huonekana saa hizo tu. Injini ikipata moto mpira unatanuka na kuziba. Tandika katoni chini usiku kucha. Maji meupe yasiyo na harufu, yanayodondoka baada ya kutumia kiyoyozi, yasikutie hofu. Kulanti ina utelezi na harufu tamu, na ikikauka huacha ukoko wa pinki, wa kijani au mweupe kama chokaa. Utafute ukoko huo pale tenki la plastiki linapoungana na alumini ya rejeta, na kwenye kitundu kilicho chini ya wota pampu.

Noah za zamani ndizo zinazosumbua zaidi. Injini iko chini ya viti vya mbele, na mabomba mawili ya chuma yanapita chini ya sakafu kupeleka maji ya moto kwenye hita ya abiria wa nyuma. Dereva mmoja aliniletea ya kwake akiwa amekata tamaa. “Fundi, nimebadilisha rejeta, nimebadilisha pampu, bado inakunywa maji.” Nilifunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa mfuniko, nikajaza presha hadi kiasi kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe. Mshale ukaanza kushuka polepole, lakini kwenye injini hapakuwa na tone. Nikaingia uvunguni na tochi. Karibu na gurudumu la nyuma, pale bomba linaposhikwa na kibano, palikuwa na tope lililoganda, na tope lile lilikuwa bichi, lina wekundu. Nilipolibandua, uzi mwembamba wa maji ulinirukia shavuni. Kutu ilikuwa imekula bomba chini ya tope. Tukayatenga mabomba yale, tukaunganisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa kipande cha mpira na klipu mbili. Hita ya nyuma hakuwahi kuiwasha hata siku moja.

Presha ikishuka na nje kukavu, shika zulia chini ya dashibodi. Likiwa na unyevu, hita ya ndani imetoboka. Lisipokuwa na kitu, angalia mafuta ya injini. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu mara tu unapowasha, shaka kubwa ni gasketi ya silinda hedi. Hapo usiendeshe tena.

Sasa lile dumu. Maji mengi ya mitelemko ya Meru yana floridi na asili ya magadi, na yakipata moto ule ukali wa magadi huongezeka. Anayepika makande kwa magadi anajua sufuria la alumini linavyoharibika rangi ndani. Rejeta ni alumini hiyo hiyo, nyembamba zaidi, inayopikwa kila siku. Ukijaza maji ya mto Maji ya Chai mwaka mzima, unaziba tundu moja huku ukitengeneza mengine. Unga wa manjano, ambao wengine humimina ili kuziba, huishia kwenye vijia vyembamba vya rejeta na vya hita.

Ukishatengeneza, pampu presha tena na uiache dakika 20. Mshale usipotikisika, jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (si asidi). Washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto, upepo wote utoke. Kulanti ya zamani ikinge kwenye beseni na kuifunika: ni sumu, na utamu wake huwavuta mbwa na watoto.