Kalibu Moja, Matofali Mengi: Jinsi Programu Yetu Inavyopima Matangi na Mapaa



Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza kwa nini sehemu ya fedha za mradi wa maji imetumika kuwafundisha vijana kuandika programu za kompyuta. Swali ni la haki, na wafadhili nao wanastahili kusikia jibu lake. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Katika makisio ya tangi moja la kuvunia maji ya mvua tuliandika kwamba litachukua lita 56,549. Fundi mwashi alipoiona karatasi alicheka, akasema tangi hilo haliwezi kushika maji hayo hata likimwagika juu. Alikuwa sahihi. Lilikuwa tangi la mviringo, kipenyo mita 3 na kimo mita 2. Ujazo wake ni 3.1416 × 1.5 × 1.5 × 2, yaani mita za ujazo 14.137, sawa na lita 14,137. Aliyejaza jedwali aliweka kipenyo mahali pa nusukipenyo, na jibu likawa mara nne ya ukweli. Kibaya zaidi, jedwali hilo lilikuwa limekwisha kunakiliwa kwa ajili ya parokia nyingine, kila faili na kanuni yake ndani. Ikabidi tuyapitie yote, moja baada ya jingine, kabla ya taarifa kwenda kwa wafadhili.

Vijana wetu waliondoa tatizo hilo kwa njia ambayo wataalamu huiita klasi. Asiyejua kompyuta afikirie kalibu ya matofali. Kalibu si tofali, wala huwezi kujengea ukuta kwa kalibu. Lakini kila tofali linalotoka humo lina umbo lile lile, na kalibu ikiwa imepinda, unainyoosha yenyewe badala ya kukimbizana na matofali. Klasi ndiyo kalibu. Vitu vinavyotokana nayo ndiyo matofali.

Klasi ya Duara, kwa mfano, inatunza sifa moja tu: nusukipenyo. Pamoja na sifa hiyo inabeba kazi zake, yaani kutaja eneo na kutaja mzingo. Kanuni ya eneo imeandikwa mara moja, humo ndani, na hakuna mtu anayeiandika tena. Klasi ya Tangi nayo ina Duara kama kitako chake pamoja na kimo; ikiulizwa ujazo, inaliuliza Duara eneo lake kisha inazidisha kwa kimo. Ukimpa Duara kipimo cha sifuri au chini ya sifuri, programu inakataa palepale. Na fomu ya kujazia sasa inauliza kipenyo, kwa sababu ndicho mtu anachopima kwa futi kamba. Kukigawa kwa mbili ni kazi ya mashine.

Juu ya hizo kuna klasi mama iitwayo Umbo. Hiyo inasema jambo moja tu: kila umbo sharti liweze kutaja eneo lake. Mstatili, Pembetatu na Duara hurithi sharti hilo, na kila moja hulitimiza kwa njia yake. Sehemu ya programu inayojumlisha haijali imepewa umbo gani. Inauliza swali lile lile kwa wote.

Mawazo haya si mapya. Yalianzia Oslo, Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula katika miaka ya 1960. Toleo la 1967 ndilo lililoleta klasi na urithi. Vijana wetu wanatumia Python, ambayo haina malipo.

Mtego mmoja tuliingia wenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba mraba ni aina ya mstatili, basi tukaifanya klasi ya Mraba kuwa mtoto wa Mstatili. Ili mraba ubaki mraba, ukibadilisha urefu wake, upana nao unabadilika. Parokia moja ilikuwa na chumba cha mita 6 kwa 6, ikataka kukirefusha kifike mita 9. Eneo lilipaswa kuwa mita za mraba 54. Programu ikatoa 81. Laiti tungeagiza saruji ya sakafu kwa hesabu hiyo! Barbara Liskov wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 1987: mtoto lazima aweze kukaa mahali pa mzazi bila kumshangaza anayemtumia. Mraba wetu ulishindwa mtihani huo, tukauondoa. Chumba cha 6 kwa 6 sasa ni Mstatili tu ambao pande zake zimelingana.

Paa ndilo lililotufundisha zaidi. Jengo la mita 20 kwa 8 lenye paa la migongo miwili, kila upande ukishuka mita 4.5, linahitaji mabati ya kufunika mita za mraba 180. Lakini mvua haihesabu mteremko. Inahesabu eneo la chini lililofunikwa, ambalo ni 160. Kwa hiyo klasi ya Paa ina kazi mbili zenye majina tofauti, moja ya mabati na moja ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 30 huleta lita 4,800. Sisi tunakata sehemu ya tano kwa ajili ya yanayopotea, zinabaki 3,840.

Mapaa yenye pembe nne zinazoshuka pande zote bado hayamo. Klasi yake inaandikwa. Kamati zitakazotuma vipimo tunaziomba zipime kipenyo cha tangi ndani ya ukuta, si nje, na ziandike mita au sentimita pembeni ya kila tarakimu.