Almasi za Botswana: Mali ya Taifa na Mgawanyo Wake

Botswana ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba 1966, ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Barabara zake za lami hazikuzidi kilomita 12 hivi, na wananchi wengi waliishi kwa ufugaji wa ng'ombe au kwa kibarua katika migodi ya Afrika Kusini. Mwaka 1967 almasi ziligunduliwa huko Orapa. Tangu hapo, historia ya nchi hiyo imekuwa funzo kwa kila nchi inayoendelea iliyojaliwa madini.

Almasi huumbika kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, mahali penye joto na mgandamizo mkubwa. Milipuko ya volkano ya zamani ndiyo iliyozileta juu ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti. Huko Jwaneng mwamba huo ulifukiwa na mchanga wa Kalahari wenye kina cha makumi ya mita. Wanajiolojia waliutambua kwa chembe za madini yanayoandamana na almasi, ambazo mchwa walikuwa wamezipandisha juu ya ardhi. Kazi ya mchwa haikugharimu kitu. Lakini kuchimba mgodi kulihitaji mtaji na ufundi ambao taifa changa halikuwa nao. Ikabidi kushirikiana na kampuni ya kigeni, De Beers.

Hatua mbili ziliilinda nchi. Kwanza, sheria ya mwaka 1967 iliweka haki za madini mikononi mwa taifa badala ya makabila. Rais Seretse Khama mwenyewe alikuwa wa ukoo wa kichifu wa Wabangwato, ambao Orapa imo katika eneo lao. Hivyo kabila lake ndilo lililoachia mali nyingi. Pili, Serikali haikuridhika na mkataba wa awali. Hisa zake katika kampuni ya uchimbaji, zilizokuwa asilimia 15 mwaka 1969, zilifikia asilimia 50 mwaka 1975. Mgodi wa Jwaneng ulipofunguliwa mwaka 1982, nchi ilikuwa tayari mbia kamili. Mapato yalijenga shule, zahanati na barabara, na kwa miongo kadhaa uchumi wa Botswana ulikuwa miongoni mwa zilizokua kwa kasi zaidi duniani.

Je, utajiri huo umewafikia wote? Wachumi hupima tofauti ya mapato kwa kipimo kiitwacho Gini: sifuri humaanisha kwamba watu wote wana kipato sawa, na 100 kwamba mtu mmoja anachukua chote. Kwa makadirio ya mwaka 2015, Botswana ilikuwa na 53 hivi, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani. Tanzania, yenye pato dogo zaidi kwa kila mtu, ilikuwa na 40 hivi mwaka 2018.

Sababu moja imo katika mgodi wenyewe. Uchimbaji wa almasi huhitaji mitambo mikubwa na watu wachache. Huajiri maelfu machache tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni mbili. Sababu nyingine ilikuwapo kabla ya almasi. Uchunguzi wa miaka ya 1974 na 1975 ulionyesha kwamba karibu nusu ya kaya za vijijini hazikuwa na ng'ombe hata mmoja, ilhali wachache walimiliki makundi makubwa. Asiyekuwa na mifugo, elimu wala ajira alipata huduma za Serikali, lakini hakupata chombo cha kujizalishia kipato.

Ndiyo maana Botswana imedai pia kazi zinazotokana na jiwe lenyewe. Mwaka 2013 De Beers ilihamisha shughuli zake za kuuza almasi ghafi kutoka London hadi Gaborone, na viwanda vya kukata na kusugua almasi vimeanzishwa nchini. Hata hivyo, kutegemea zao moja kuna hatari. Almasi zinazotengenezwa katika maabara, zilizo kaboni kama zile za ardhini, zimechangia kushusha bei, na mwaka 2024 uchumi wa nchi ulisinyaa.

Funzo ni wazi. Mkataba mzuri na mwekezaji huamua sehemu ya utajiri inayobaki nchini. Hauamui itamfikia nani. Swali hilo la pili hujibiwa kwa sera za ardhi, elimu na ajira, nalo yafaa lijibiwe wakati mgodi ungali na kitu cha kutoa.